Hemoki za Godlisten

Bigwa, 3 Machi

Naandika kwa sababu katika nyumba hii hakuna mtu wa kuzungumza naye. Wa kumsikiliza yupo, na huyo ndiye tatizo.

Mdogo wangu Godlisten amerudi kutoka Dar es Salaam na begi moja, simu mbili na wazo. Godlisten huwa hakosi wazo. Kabla ya hili kulikuwa na sungura, na kabla ya sungura kulikuwa na uyoga. Sasa anataka shamba la marehemu baba, hapa juu ambako barabara inaishia na mlima unaanza, liwe kambi ya wageni. Wageni hawatalala kwenye vitanda kama binadamu. Watalala kwenye hemoki.

Nilimuuliza hemoki ni kitu gani. Ninajua, ila nilitaka kuona kama yeye anajua.

"Ni bembea ya kitambaa, Dada. Unaitundika kati ya miti miwili, unalala humo, unasikiliza mto."

"Na ikikatika?"

"Haikatiki."

Alicheka. Godlisten hucheka pale ambapo mtu mwingine angeona aibu. Mimi nafundisha hisabati sekondari, nimezoea watoto wanaojibu kabla hawajasoma swali, lakini wale angalau wana miaka kumi na minne.

5 Machi

Mvua. Kaptula ya Godlisten imeanikwa kwenye kiti changu.

9 Machi

Alishuka mjini, akarudi na vifaa. Akavimwaga mezani juu ya madaftari ninayosahihisha: rundo la kamba ya katani, na kulabu ndogo za rangi, nyekundu, bluu na dhahabu, zile zenye kilango cha springi ambazo vijana hutundikia funguo kiunoni.

"Unaonaje, Dada?"

"Naona mapambo."

"Hizi ni za kupandia milima. Muuzaji mwenyewe kaniambia."

Nikavaa miwani. Ubavuni mwa kila kulabu yameandikwa maneno madogo ya Kiingereza kwamba si ya kubebea mtu. Nilimsomea, kisha nikamtafsiria, kwa sababu sikutaka abaki na kisingizio chochote.

"Labda wanaandika tu kujikinga," akasema.

"Wanajikinga na watu kama wewe."

Akazirudisha kwenye mfuko moja moja, akizipanga kwa rangi. Hiyo ndiyo akili ya mfanyabiashara wetu.

12 Machi

Nimeamua kwamba kama mtu atavunjika mgongo kwenye ardhi ya baba yangu, haitakuwa kwa sababu mimi nilinyamaza. Nilimwambia Godlisten kila kifaa kitajaribiwa kwa viroba vya mchanga kabla mtu hajakikalia. Akasema hilo ni kumvunja moyo. Nikamwambia moyo hauna mifupa.

Mchanga tulijaza mimi na Mwamvita. Mwamvita ni mpishi. Godlisten amemwajiri kabla ya kupata mgeni hata mmoja, akamtoa kwao Matombo na kumpa chumba cha uani. Ni mwanamke mnene, mkimya, mwenye macho ya kusinzia, na siku hizi amefunga Ramadhani, kwa hiyo ni mkimya maradufu. Nilimweka mara moja kwenye kundi la watu wanaosubiri kuambiwa.

Jirani yetu mzee Salum naye alikuja kuangalia. Mzee Salum ana shamba la ndizi na mafenesi upande wa pili wa mto, lakini kazi yake hasa ni kupita.

"Shikamoo, mzee Salum."

"Marahaba, Mwalimu. Mnapima nini?"

"Tunapima akili ya mdogo wangu."

Tulitundika kiroba cha kwanza kwenye kulabu ya dhahabu. Ilistahimili. Tukatundika cha pili, na hapo kulabu ikaanza kunyooka taratibu kama mtu anayejinyoosha akiamka, kisha viroba vikaanguka kwa kishindo, mchanga ukamrukia Godlisten mpaka kwenye nyusi. Uzito wa viroba vile viwili haufikii uzito wake yeye.

Mzee Salum akasema, "Pole, bwana."  Mwamvita aliokota ile kulabu, akaitazama, akaitupa kwenye shimo la taka.

20 Machi

Leo kaleta ndoano za bucha. Sitanii. Zile zilizopindwa kama herufi S, za kutundikia nusu ya ng'ombe.

Angalau safari hii ni chuma kweli. Zilibeba viroba vyote bila kulalamika, na Godlisten akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Basi nikavisukuma viroba viyumbe, kama mgeni anavyojigeuza akilala. Kuyumba mara ya tatu, pete ya hemoki ikachomoka kwenye mdomo wa ndoano. Ndoano iliyo wazi haishiki kitu kinachocheza. Ng'ombe aliyechinjwa hajigeuzi.

Mzee Salum aliuliza kama tunafungua bucha. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Godlisten alienda kukaa kando ya mto, akarudi ameloa.

24 Machi

Kamba ya katani, iliyofungwa kwenye mti tangu siku ya viroba vya kwanza, imelowa, imevimba na inanuka. Niliikunja kwa vidole, nyuzi zikakatika. Nimemwonyesha. Akasema sawa, Dada. Siku hizi anasema sawa, Dada, kabla sijamaliza sentensi, jambo ambalo linaudhi zaidi kuliko ubishi.

28 Machi

Binamu yetu Shukuru, anayeongoza watalii Kilimanjaro, ametutumia kwa basi kifurushi cha kulabu za kweli. Ni nzito mkononi, na kila moja ina kola ya kuzungusha inayofunga kilango kisifunguke chenyewe.

Godlisten alifungua kifurushi, akasoma, uso ukamshuka.

"Dada, zimeandikwa ishirini na mbili! Mimi peke yangu nina kilo tisini."

Nilinyamaza kidogo ili nionje vizuri utamu wake. Kisha nikamweleza kwamba zile herufi mbili ndogo baada ya tarakimu si kilo, ni kipimo cha nguvu ya mvuto, na kwamba kulabu ile moja inaweza kuning'iniza gari dogo. Akaangalia kulabu, akaniangalia mimi.

"Sasa si ungesema mapema ziko hivi?"

Ningesema mapema! Mtu anayetaka kuwatundika wenzake hewani nimwanzishie masomo ya kidato cha kwanza.

31 Machi

Idd. Mwamvita kaleta pilau. Ni nzuri kuliko nilivyotegemea, nimekula mara mbili.

2 Aprili

Tumepata mikanda. Nilishuka naye mwenyewe mpaka Msamvu kwa wauza vifaa vya malori, kwa sababu peke yake angerudi na mkanda wa suruali. Ni mikanda mipana ya kufungia mizigo, mizito, imeshonwa mikunjo mwishoni. Mkanda mpana haukati gome la mti, na hauteremki kama kamba ya manila. Muuzaji alitaka kutuuzia iliyokwisha kuchakaa kingo. Niliirudisha yote, nikachagua mmoja mmoja juani. Muuzaji alimuuliza Godlisten, "Huyu mama ni nani yako?" Godlisten akajibu, "Ni mkaguzi."

Nadhani alikusudia tusi. Nimelipokea kama cheo.

6 Aprili

Mvua usiku kucha, asubuhi ukungu umeshuka hadi jikoni. Tumetundika hemoki ya kwanza kati ya mfenesi na mjohoro. Godlisten aliivuta ikanyooka kama ngozi ya ngoma, akasema hivyo ndivyo inavyopendeza kwenye picha.

Nilichukua kijiti nikachora kwenye tope. Nilimwonyesha kwamba mkanda ukishuka kutoka kwenye mti kwa theluthi ya pembe mraba, kila upande unabeba uzito sawa na wa mtu mzima aliyelala. Ukiuvuta ukakaribia kunyooka, mvuto unakuwa mara tatu, mara nne ya uzito huo, na wote unavuta kwa ubavu. Hapo si kulabu tu inayoteseka, ni kila kitu ulichofungia.

"Kwa hiyo kulegea ndiyo nguvu," akasema.

"Kwenye hemoki. Usiifanye kuwa falsafa ya maisha yako."

Alicheka. Mwamvita pia alicheka, mara ya kwanza tangu aje, akiziba mdomo kwa upande wa khanga.

Tulikubaliana na mengine. Hemoki isiwe juu kuliko kiti, na chini yake pasiwe na jiwe wala kisiki. Mti wenye tawi kavu juu yake hautumiki, hata kama una kivuli kizuri namna gani. Lazima niandike, ingawa inaniuma, kwamba tulipofika kwenye suala la matawi Godlisten alipanda mwenyewe na panga akayakata yote, kwenye mvua, bila kuombwa.

13 Aprili

Kwaya ya usharika wa mjini imesema itakuja Jumatatu ya Pasaka kufungua kambi. Godlisten hata chakula hali kwa furaha. Hemoki ni nyingi kuliko miti inayofaa, moja imebaki bila upande wa pili.

Nikamwonyesha nguzo ya baba. Nguzo hizo ziko mbili, zimesimama peke yake mbele ya nyumba. Baba alizijenga kwa ajili ya banda la gari ambalo hakuwahi kulinunua. Ni nene, zimepigwa lipu, zimenyooka kama rula. Mkanda uzunguke nguzo, upande wa pili uende kwenye mjohoro.

"Ile siipendi," akasema Godlisten.

"Kwa nini?"

Akaangalia chini. "Basi tu, Dada. Tutafute mti."

"Basi tu! Hiyo ndiyo sababu yako ya kitaalamu?"

"Siiamini."

Nilimwambia kwamba mtu aliyeamini kulabu za funguo hana haki ya kutoamini kazi ya baba. Baba alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, na hakuwahi kuacha kitu nusu. Daftari langu likiwa na mstari uliopinda alilichana. Shati la Godlisten likiwa na kifungo kimoja nje ya tundu lake alimrudisha mlangoni. Kama angeona maisha ya mwanawe huyu, ya uyoga na sungura, angefunga macho.

 Godlisten alizunguka nguzo, akaigonga kwa kiganja, akaenda zake.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua haijakatika. Shimo la choo limejaa maji.

26 Aprili, nikiwa kitandani

Ninaandika nimelala chali, daftari limeegemea mto, kwa hiyo mwandiko ni kama wa wanafunzi wangu. Mguu wangu wa kushoto umefungwa hogo la plasta kutoka kwenye vidole mpaka juu ya goti.

Kwaya ilikuja siku ile ya Jumatatu ya Pasaka. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, jua likatoka, mlima ukaonekana wote. Waliimba, wakala wali wa Mwamvita, kisha wakaenda kutazama hemoki wakisukumana kama watoto. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mzee mmoja wa kwaya akauliza, "Lakini ni salama kweli?"

Godlisten akaanza kueleza, akieleza vizuri kabisa, mikanda, kulabu, pembe, na mimi nikasikia kwamba anasema maneno yangu neno kwa neno na wageni wanamtazama yeye. Sikupenda. Nikasema, "Niacheni mimi niwaonyeshe."

Nikaenda kwenye ile ya nguzo, iliyotundikwa kwa amri yangu.

"Dada, hiyo hatujaijaribu," Godlisten akasema kwa sauti ya chini. "Ngoja nilete viroba kwanza."

"Viroba ni kwa ajili ya kazi yako," nikamwambia, na sikusema kwa sauti ya chini. "Hii ni kazi ya baba."

Watu walicheka. Yeye alirudi nyuma hatua moja. Nikakaa, nikainua miguu, nikalala. Nilitaka kuwatazama wageni, kwa hiyo nililaza kichwa upande wa mjohoro na miguu upande wa nguzo. Hilo sikulipanga kwa sababu yoyote ya maana.

Kitambo kidogo ilikuwa starehe. Nilijisukuma kwa mkono chini ili niyumbe. Ndipo nikasikia sauti kama ya mtu anayekanyaga biskuti. Mwamvita akapiga kelele, "Mwalimu!" Niliona lipu ikifunguka mstari mweusi chini ya nguzo, na ile nguzo nzima, rula ya baba, ikaniinamia kwa adabu kabisa.

Nilianguka chini kabla yake. Nadhani hilo lilinisaidia. Kisha ikafika juu ya mguu.

Sitaandika nilichosikia kwa sababu sikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwaya. Watu waliokuja wakiimba juu ya ujasiri walisimama wakishika vichwa. Mmoja alianza kuomba kwa sauti. Mmoja, Mungu amsamehe, alikuwa na simu mkononi, anapiga picha.

Aliyesogea ni Mwamvita. Yule niliyemweka kwenye kundi la kusubiri kuambiwa alimpokonya yule mtu simu, akamtia kazini kuondoa matofali. Alimwambia Godlisten ashike kichwa changu nisitazame. Alivua khanga ya juu, akaagiza mbao mbili za kreti, akaufunga mguu wangu juu na chini ya pale ulipovunjika, huku akiniambia, "Lia, Mwalimu, hakuna anayekusahihisha." Nililia.

Barabara ilikuwa tope tupu. Bodaboda haiwezi kupanda, gari ndiyo kabisa. Wakaifungua hemoki kwenye mjohoro, wakapitisha mwanzi mnene kwenye pete zake mbili, wakanilaza humo na kuniinua mabegani. Godlisten alikuwa mbele, na mzee Salum, aliyekuja mbio aliposikia kelele, nyuma. Wanakwaya walijitolea kupokezana, na mzee Salum aliwapa nafasi kila alipochoka, lakini Godlisten hakumpa mtu. Aliteleza mara nyingi, na kila mara alianguka kwa magoti bila kuachia mwanzi. Sikufika chini hata mara moja.

Nilikuwa naiona shingo yake tu. Nilitamani kusema kitu kibaya nikakikosa.

Daktari alisema kama kichwa kingekuwa upande wa nguzo, asingekuwa na kazi ya kufanya.

29 Aprili

Leo nimemuuliza. Aliniletea uji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akitazama ukuta.

"Uliijua ile nguzo," nikasema.

Akapokea kikombe changu nilichokimaliza.

"Godlisten. Ulijua nini?"

"Nilikanyaga mimi udongo wake, Dada." Alikuwa anazungusha kijiko ndani ya kikombe kisicho na kitu. "Wewe ulikuwa bweni, Moshi. Saruji iliishia kwenye msingi wa nyumba. Baba akasema nguzo tutajenga kwa udongo, juu lipu itaficha. Hakuna hata nondo moja mle ndani. Nilimwambia, baba, si zitaanguka? Akanichapa kofi. Akasema zimesimama, na kinachosimama kimesimama."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia siiamini."

"Hukuniambia kwa nini!"

Hapo akanitazama. Nadhani ni mara ya kwanza tangu tuwe watu wazima ananitazama hivyo.

"Ningesema nini? Ningekuambia baba alijenga kwa udongo, ungenijibu kwamba udongo ni mimi."

Nilitafuta jibu. Lilikuwapo, majibu yangu ni mengi, lakini kila nililoligusa lilikuwa lile lile alilokwisha kulisema.

Alichukua kikombe akatoka.

1 Mei

Nimelala hapa namdharau baba.

Ni kazi mpya kwangu na bado sijaizoea. Namwona akishika daftari langu juu ya taa kutafuta mstari uliopinda, na nje pale zimesimama nguzo mbili za tope alizozipaka sura. Namwona akimrudisha Godlisten mlangoni kwa kifungo. Alijua mtoto yule ameona, ndiyo maana hakumpenda. Mimi sikuona kitu, ndiyo maana nilikuwa kipenzi.

Nikimaliza baba najigeukia mwenyewe. Niliuchora ule mvuto wa ubavu kwenye tope kwa mkono wangu. Nguzo ya matofali imejengwa kubeba kinachoikandamiza kutoka juu, haikujengwa kuvutwa kiunoni, hata ingekuwa ya saruji nzuri. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeliona. Mimi sikuhesabu, kwa sababu jina la baba lilikuwa limeandikwa pale mahali pa jibu.

4 Mei

Mvua. Kuwashwa ndani ya hogo ni adhabu ambayo hata mimi nisingempa mtu.

7 Mei

Godlisten amefunga begi. Nilimwona kupitia dirishani akikunja mikanda, akipangusa kila kulabu kwa kitambaa.

Nikamwita. "Unaenda wapi?"

"Dar. Mwamvita atakaa na wewe mpaka upone, nimeongea naye. Nimeshaharibu ya kutosha hapa."

Hili sikulitegemea. Tangu wazazi wafe hatuna mtu mwingine mimi na yeye, na kila anapoondoka anakaa miaka. Nilijua akishuka kilima kile na begi hilo hatarudi tena na wazo lolote. Mtu mwingine angemwambia hivyo, kwa maneno laini. Mimi sina hayo maneno, sijui wengine huyapata wapi.

"Kwa hiyo hata kushindwa umeshindwa kuendelea nako?" nikamwambia.

Alisimama mlangoni.

"Nguzo imeanguka moja," nikasema. "Ya pili bado imesimama pale na watoto wa jirani wanapita chini yake. Unataka nikaibomoe na hogo?"

Alishusha begi begani. Kisha akauliza nyundo ya baba iko wapi. Nilimwambia iko stoo, kama mpini wake nao si wa udongo.

Alicheka, na safari hii nami nilicheka, na mguu ukaniuma vibaya.

8 Mei

Wamenitoa nje na kiti nikatazame. Godlisten na mzee Salum walivua mashati kwenye manyunyu. Nyundo ya kwanza lipu ikatoka kama ganda la yai. Ndani udongo mwekundu, umelowa, unachotwa kwa kidole. Matofali yalitoka mazima, masafi, kila moja peke yake, kwa sababu hakuna kilichowahi kuyashika.

Nilimuuliza mzee Salum kama naye alijua.

"Nilimwona marehemu akijenga, Mwalimu," akasema, akijifuta jasho. "Nikasema moyoni, mzee wa watu, ana sababu zake."

"Na mimi nilipolala pale?"

"Siku ile sikuwa karibu. Nilikuwa napita."

 Amenibeba begani kilima kizima, na kwa hilo namshukuru, lakini heshima yake kwa marehemu ingenitia kaburini karibu naye. Watu hawa wapole nitawaogopa kuliko wajinga.

15 Mei

Godlisten amewaambia wanakwaya waje tena. Amewaambia kila kitu, pamoja na udongo. Nilidhani wangekataa. Wanakuja mwisho wa mwezi, na yule mwenye simu ameomba radhi. Sijamjibu.

19 Mei

Mwamvita ananikanda vidole vya mguu na mafuta ya karafuu kutoka kwao. Nimemuuliza alijifunzia wapi kufunga mifupa. Akasema kwao mlimani watu huanguka kwenye mifenesi kila msimu, na anayefika kwanza ndiye hufunga. Nimemuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Ulikuwa unaongea wewe, Mwalimu."

Watu wa nyumba hii wameanza kuwa hodari wa majibu. Sijui wanajifunza kwa nani.

25 Mei

Mvua hakuna. Natembea kwa magongo hadi mtoni na kurudi.

30 Mei

Jua kali, majani yote yanang'aa. Hogo wamelikata, wamenifunga jipya fupi, chini ya goti. Kwaya inakuja kesho, na Godlisten tangu asubuhi alikuwa anazunguka kila mti na viroba vyake. Anavipakia, anavisukuma viyumbe, anapapasa mishono ya mkanda, anazungusha kola ya kila kulabu mpaka ifunge, halafu anajitupa mwenyewe na kilo zake tisini. Mti mmoja aliuacha kwa sababu ya ufa ambao mimi sikuuona mpaka nilipovaa miwani.

Mchana alikuja mbele ya kiti changu, amesimama kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Dada, kuna moja kati ya mifenesi miwili kule chini. Kama hutaki, basi."

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

"Ijaribu tena, nikiona."

Akaijaribu tena. Nilisimama na magongo yangu nikamtazama akihangaika na viroba, jasho likimtiririka, na nilitafuta kosa kwa moyo wangu wote. Nilimwambia mkanda wa kulia umejikunja kidogo. Akaukunjua. Nilimwambia panga limeachwa kwenye nyasi. Akaliokota. Yakaniishia.

Alinishika mkono, Mwamvita akanishika mguu, wakanilaza. Nilifumba macho nikisubiri ile sauti ya biskuti. Haikuja. Mifenesi haikusogea hata jani.

"Vipi, Dada?"

"Kitambaa kimekunjamana mgongoni."

Wakaondoka. Mto ulikuwa mwingi bado kwa mvua zilizopita, unaongea peke yake. Nilipofumbua macho kivuli kilikuwa kimehamia upande mwingine kabisa, na nilikuwa nimefunikwa khanga.

Wakati wa kula Godlisten ameniuliza kama nilipata usingizi. Nimemwambia hapana, nilikuwa nafikiri.

Kesho, wageni wakishaondoka, nitafikiri tena.